Mbwa mdogo halali na sisi hatulali: tuvumilie au tumrudishe alikotoka?

Mpangaji wa Tabata:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kulea mbwa tangu akiwa mdogo, kwa sababu kwetu jambo hili ni geni na limeanza kutugawa ndani ya nyumba.

Tumechukua mbwa dume, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kutoka kwa mtu mmoja wa Goba aliyetuambia kwamba ana umri wa wiki nane. Tunaishi Tabata katika nyumba ya kupanga yenye familia tatu zinazotumia ua mmoja, na mwenye nyumba ameridhia tumfuge kwa sharti kwamba asiwe kero kwa wengine. Sharti hilo ndilo linaloninyima raha. Mchana mbwa huyu ni mchangamfu na watoto wanampenda, lakini taa zikizimwa anaanza kulia, na kilio hicho kinapanda hadi kuwa ukelele ambao jirani wa ukuta wa pili anausikia vizuri kuliko mimi. Tumemwekea boksi kwenye kibaraza cha nyuma, lenye gunia safi na bakuli la maji, naye hutoka humo na kukwaruza mlango hadi alfajiri.

Jambo la pili ni haja. Tunamtoa uani, anazungukazunguka akinusa mchanga na kufukuza majani, kisha anarudi ndani na kukojoa kwenye zulia la sebule huku akinitazama. Dada wa kazi amechoka kupiga deki. La tatu ni meno: binti yetu wa miaka sita ana mikwaruzo kwenye vifundo vya miguu, na sasa hupanda juu ya kochi kila mbwa anapoingia.

Mke wangu anasema tumrudishe mapema kabla watoto hawajamzoea zaidi. Mlinzi wa nyumba ya jirani ameshauri kwamba kila akikojoa ndani tumsugue pua kwenye mkojo wake na kumchapa ili ashike adabu. Mimi sijui lipi ni la kawaida kwa umri huu na lipi ni dalili ya mbwa mwenye kasoro. Hali hii hudumu kwa muda gani, na usiku tufanye nini hasa?

Mfugaji wa Kinyerezi:

Pole sana kaka, na umpe pole shemeji. Yote matatu uliyoyaeleza ni ya kawaida kabisa.

Mbwa wa umri huo amelala siku zote za maisha yake katikati ya mama na ndugu zake, na ghafla yuko peke yake kibarazani, gizani, mahali pasipo na harufu hata moja anayoijua. Kilio kile ndicho anachomwitia mama yake, wala hakina ujeuri ndani yake. Kwa hiyo, kabla ya mengine yote, mwondoe kibarazani. Lihamishie boksi chumbani kwenu, uliweke kando ya kitanda mahali ambapo unaweza kushusha mkono ukamgusa bila kuinuka. Liwe na kuta zinazomzidi kimo, na nafasi ya kutosha kujinyoosha na kugeuka tu, kwa kuwa mbwa hapendi kuchafua malazi yake, ila akipewa eneo kubwa atalala pembe moja na kukojoa pembe nyingine. Kama Goba si mbali nawe, mpelekee yule mtu kitambaa akilaze pamoja na mama mbwa usiku mmoja, kisha ukitandike ndani ya boksi. Watu hushauri pia chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye taulo. Kwa joto letu la Desemba hadi Machi sioni haja yake, lakini usiku wa Julai husaidia.

Akilia, sikiliza kwanza. Kunung'unika kwa upweke hufifia ukimgusa. Kilio kinachoanza ghafla katikati ya usingizi, pamoja na kuhangaika na kukwaruza ukuta wa boksi, mara nyingi ni cha haja, na hapo mbebe mpaka uani, usimwongeleshe, usiwashe taa zaidi ya ile ya kukuonyesha njia, na akimaliza mrudishe moja kwa moja. Asije akaona kwamba saa tisa usiku ni saa ya michezo. Sisi wafugaji tuna kanuni ya kukadiria: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, na hizo ndizo saa anazoweza kujizuia akiwa ametulia. Mbwa wa miezi miwili anapata kama saa tatu, na akiwa anacheza hafiki hata moja. Mtoe saa tano usiku, kisha saa nane, kisha saa kumi na moja alfajiri, na utumie kengele ya simu ili umwamshe wewe kabla hajaamsha ukuta wa pili. Muda huo utausogeza kadiri anavyokua. Wengi hulala usiku kucha wakifikia miezi minne, ingawa ajali za mchana zinaweza kuendelea hadi wa sita.

Kuhusu zulia, likunje na ulihifadhi. Anarudi kukojoa ndani kwa sababu uani kuna mambo mengi mno ya kunusa hata anasahau kilichompeleka, ilhali sebuleni pametulia. Mpeleke kila mara pembe ileile ya ua, usimame kimya bila kucheza naye, na mara tu anapomaliza msifu na umpe kipande kidogo cha ini lililochemshwa, palepale, si mkisharudi ndani. Mtoe kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila anapomaliza kucheza. Sakafu ioshwe kwa sabuni, kisha ipanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji, maana dawa za usafi zenye amonia kwake hunuka kama mkojo na kumwita tena. Ushauri wa mlinzi uache. Mbwa anayesuguliwa pua hajui anaadhibiwa kwa lipi. Anachojifunza ni kukojoa mahali usipomwona, na utakuja kuukuta nyuma ya kochi.

Mzee wa Mbagala:

Wanangu, mnamlemaza huyo mbwa. Mbwa ni wa ulinzi. Sisi tuliwafungia bandani mchana kutwa wasizoee watu, tukawatia pilipili kwenye chakula, na usiku tukiwafungulia hakuna aliyethubutu kuruka ukuta. Mbwa anayelala chumbani, mwizi akija atamtikisia mkia. Mwacheni alie kibarazani, atachoka mwenyewe.

Daktari wa mifugo, Temeke:

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima naomba kutofautiana nawe, kwa sababu mbwa waliolelewa hivyo ndio ninaoletewa baada ya kumng'ata mtoto wa nyumbani. Tangu wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na nne mbwa hujifunza ni vitu gani vya dunia hii havina hatari. Aliyefungiwa gizani muda huo hujawa na hofu, na mbwa mwenye hofu hamtofautishi mwizi na mjukuu wako. Pilipili humuunguza tumbo tu. Ulinzi huja wenyewe akikomaa, hasa kwa chotara wa aina hii.

Sasa nikugeukie wewe, ndugu mpangaji. Umeandika habari za usingizi, zulia na meno, lakini hukutaja chanjo hata mara moja, na kwangu mimi hilo linatangulia yote. Mdai aliyekupa mbwa kadi ya chanjo na tarehe ya kuzaliwa. Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga magonjwa ya virusi ya mbwa yaitwayo distempa na parvo, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mbwa atimize wiki kumi na sita. Watu wengi huishia ya kwanza wakidhani daktari anatafuta fedha. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo isifanye kazi, na kwa kuwa haijulikani itakwisha wiki gani kwa mbwa gani, tunarudia ili tusiache pengo. Parvo huishi kwenye udongo kwa miezi mingi. Mbwa mdogo akianza kutapika, kulegea na kuhara damu, usisubiri kesho, kwani siku mbili tatu zinatosha kumuua. Ulizia pia chanjo yenye kinga ya homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na ambao mwaka 2022 uliua watu mkoani Lindi. Mafuriko yetu ya masika na panya wa mitaro ya Dar vinatosha kukushawishi.

Mpaka atakapomaliza chanjo hizo asishushwe chini barabarani wala karibu na jalala. Hiyo haina maana afungiwe. Mbebe kwenye kikapu mwende hadi kituo cha bodaboda, asikie honi, adhana, bajaji na spika za wachuuzi, aone watu wenye miamvuli na wenye mizigo kichwani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Afisa mifugo wa kata yenu anaweza kukuelekeza inakopatikana. Mikwaruzo ya binti nayo msiichukulie kwa wepesi. Popote jino lilipotoboa ngozi, paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya wamwangalie, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara ni kifo.

Minyoo huipata kwa mama yake tangu tumboni na kupitia maziwa, kwa hiyo apewe dawa kila wiki mbili hadi wiki ya kumi na mbili, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Kinyesi kiokotwe kila siku, maana mayai ya minyoo hiyo huwadhuru hata watoto wanaochezea mchanga wa ua. Kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za kuta. Tafuta dawa ambayo maandishi yake yanataja umri na uzito wa mbwa wako, na usikubali kuuziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Hukusema mnamlisha nini. Ugali mtupu utampa matege. Changanya na dagaa wasio na chumvi waliosagwa, mayai au nyama, mara nne kwa siku, na unga usiwe ule uliovunda mkaona ni hasara kuutupa, kwa sababu sumukuvu huharibu ini la mbwa na huua. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa, wala vitunguu.

Jirani wa Ukonga:

Mimi sifugi mbwa, ila ninaishi ua mmoja na mtu anayefuga, na nadhani upande wetu nao unafaa kusikika. Kwetu Waislamu wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Ndugu mpangaji, kabla hujahangaikia kelele, hakikisha mbwa hafiki kwenye ndoo za watu, mikeka, bomba la maji na kamba ya nguo. Jirani yangu alizungushia wavu pembe yake na akaja kutuambia mwenyewe siku mbwa alipoingia, kwamba kutakuwa na kelele usiku kwa muda na kwamba yeye ndiye wa kugongewa mlango. Hatujagombana. Mtu akiarifiwa mapema huvumilia mengi ambayo asingeyavumilia kwa kushtukizwa.

Mpangaji wa Tabata:

Nawashukuru wote, na wewe mzee wangu pia. Boksi limeingia chumbani na ukelele umepungua sana. Kadi hakuna. Aliyetupa mbwa amekiri kwamba alikuwa na wiki sita tu, na ndugu zake wote wamekwisha kuchukuliwa. Dokta, tumrudishe kwa mama yake kwa wiki mbili?

Daktari wa mifugo, Temeke:

Kama ndugu zake wangekuwepo ningelifikiria, lakini kwa mama peke yake, ambaye huenda ameshaanza kumkataa, faida ni ndogo na utamsafirisha bure akiwa hana kinga. Abaki. Apelekwe kwa daktari wiki hii kwa ajili ya chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo, na chakula kilainishwe kwa supu isiyo na chumvi.

Mfugaji wa Kinyerezi:

Umri huo unaeleza habari ya meno. Mbwa hujifunza kupunguza nguvu ya kung'ata kwa kucheza na ndugu zake, kwani akizidisha, mwenzake hulia na kuacha mchezo. Wako alikatishwa somo hilo, kwa hiyo mtalimalizia nyinyi. Jino likigusa ngozi, mchezo usimame papo hapo, mtu ainuke na kumpa mgongo kwa muda mfupi, kisha mrudi na kanga kuukuu iliyofungwa mafundo ambayo anaruhusiwa kuing'ata. Kila mtu wa nyumbani afanye hivyohivyo, dada wa kazi naye, maana mmoja akicheka anapong'atwa kazi ya wengine imeharibika. Binti asikimbie wala kupiga kelele, kwani kwa mbwa hiyo ni mbio za kufukuzana. Asimame wima na kukunja mikono, na wasiachwe wawili hao bila mtu mzima. Angalia pia saa anapong'ata zaidi. Ikiwa ni jioni baada ya watoto kurudi shule na kucheza naye mfululizo, amechoka, kwa sababu mbwa wa umri huu hulala hadi saa 18 kwa siku. Mrudishe kwenye boksi na umfunike kwa kitambaa chepesi. Meno haya ya maziwa yataanza kung'oka akikaribia miezi minne, kwa hiyo usishtuke ukiokota moja sakafuni au ukiona damu kidogo kwenye kanga.