Pikipiki za maafisa ugani sawa, ila wapewe na kazi ya kuandika

Wadau wa kilimo Dodoma, habari za majukumu. Kuna hoja inayorudiwa sana vijiweni na kwenye vikao vya kata: mkulima hahitaji mtandao, anahitaji bwana shamba afike shambani. Ndiyo maana wengi tulishangilia mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, uzinduzi ukifanyika hapa hapa Dodoma. Pikipiki sizipingi. Shida ni kwamba anachokiona afisa akishafika shambani kinabaki kichwani mwake, na akihamishwa kinahama naye.

Msimamo wangu: kuandika kiwe sehemu ya kazi yake. Kila mwezi aweke wazi mtandaoni, kwa Kiswahili cha kawaida, nini kimekubali kwenye kata yake na nini kimegoma, na wakulima wamjibu na kumsahihisha palepale.

Chukua zabibu. Huku hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo anayeamua uzae lini ni mkulima na mkasi wake. Ukipogoa leo, unavuna baada ya miezi minne hivi, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini kila mtu anamwangalia jirani wa karibu tu. Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, wengi wakipogoa wiki zilezile, mzigo unaiva kwa mpigo. Zabibu haisubiri kama mtama kwenye kihenge, na mnunuzi analijua hilo vizuri kuliko sisi. Orodha ya wazi tu, nani kapogoa ekari ngapi, kijiji gani, tarehe gani, ingewawezesha watu kupishana. Taarifa tayari tunazo, ila kila mtu kazikalia.

Mtaniambia magrupu ya WhatsApp yapo. Yapo, na nimo. Mtu anatuma picha ya jani lenye unga mweupe, anajibiwa vizuri kabisa: huo ni ubwiri unga, piga salfa asubuhi jua halijawa kali, punguza majani hewa ipite. Kesho yake zimeshapita salamu, rambirambi na tangazo la kiwanja. Msimu unaofuata mwingine anauliza swali lilelile. Aliye nje ya grupu ndiyo kabisa.

Hoja inayonisumbua ni ya kisiki hai, mbinu ya kurudisha miti kwa kutunza visiki vinavyochipua. Wanaonipinga wanasema mbinu hii haikuhitaji blogu ya mtu, na kwa sehemu wana haki. Unachukua kisiki kilichochipua, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unapogolea, unafunga kitambaa ili mchungaji ajue mti una mwenyewe. Tangu 2018 mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit wanaieneza vijijini kwetu, na jirani akiona kwa jirani anaiga. Sawa. Lakini mbinu ya namna hii ilishika Niger miaka ya 1980, na kati ya Niger na Mpwapwa hakuna uzio wa kuchungulia. Ilitufikia kwa sababu waliokuwa nayo hawakuificha.

Bando ni ghali, na wanawake wengi vijijini hawana simu janja zao wenyewe. Hilo halina ubishi. Kilichoandikwa kinaweza kusomwa kwenye mkutano wa kijiji au redioni. Na kwa nini aandike afisa, si kijana yeyote? Kumbukeni 2018, kanuni za maudhui mtandaoni zilipowataka wenye blogu kulipia leseni, jumla ikizidi shilingi milioni 2. Masharti yalilegezwa baadaye, ila vijana ninaoongea nao bado wana woga. Afisa angewafungulia njia.

Mnaosema ana kazi nyingi mno, mngempunguzia ipi? Na wale mnaosema tarehe za kupogoa zikiwekwa wazi mnunuzi ndiye atakayefaidi kwanza, hiyo hoja ina uzito. Nielezeni mngezilindaje bila kuturudisha kwenye magrupu.