Tupeane uzoefu: kufunga shokapu na springi za nyuma kwa mbio za vumbi

Mwanzilishi, Nakuru
Jana nililiona gari la kijana mmoja likirukaruka nyuma kila lilipoingia kwenye mawimbi ya barabara, nami nikaikumbuka Safari Rally ya mwaka 2021 kule Naivasha. Dereva Thierry Neuville alikuwa akiongoza kwa karibu dakika moja, lakini Jumapili asubuhi, katika kipande cha Loldia, shokapu ya nyuma kulia ya Hyundai yake iliharibika, na ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Wenzangu, yamewahi kuwakuta?

Fundi wa Arusha
Umenigusa panapouma, kwa kuwa kuna gari lililowahi kupinduka mbioni mdogo wangu akiliendesha, na mikono iliyolifunga ilikuwa yangu. Wakati wa mazoezi alilalamika kwamba nyuma inayumba, basi nikakaza shokapu upande wa kurudi, yaani ule unaozuia springi isitanuke haraka, na kwenye udongo mgumu gari likatulia kama maji ya mtungini. Kwenye mawimbi mambo yakageuka: springi ilibanwa, na kabla haijatanuka tuta jingine lilikuwa limeshafika, gari likazidi kuchuchumaa mpaka likakalia raba za mwisho, zile zinazozuia chuma kisigonge chuma shokapu ikizama yote. Katika kona ya kushoto, tairi la nyuma kulia likagonga jiwe likiwa halina tena nafasi ya kupanda, gari likarushwa na kubingirika mara mbili. Mdogo wangu alitoka na bega lililoteguka. Usiku ule nilipofungua, mafuta yaliyovuja yalikuwa yameshikana na vumbi yakawa tope jeusi, na raba ilikuwa imepasuka katikati kama andazi.

Dereva wa Eldoret
Pole sana, fundi. Kuchuchumaa huko nimekuona kwa macho yangu.

Mama Spana
Poleni. Mimi hufunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fito ya shokapu, nikaisukuma mpaka chini. Gari likirudi, mahali kamba iliposimama panaonyesha shokapu imezama kiasi gani. Ikigusa mwisho kila mzunguko, springi ni laini mno au gari limeshushwa kupita kiasi.

Kijana wa Machakos
Ondoeni stabilaiza ya nyuma, ile fito inayounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona; kila tairi lifuate ardhi lenyewe, mtapata mshiko.

Dereva wa Eldoret
Hapana, ndugu yangu. Gari langu linavutwa na matairi ya mbele, na nilipoiondoa likakataa kata kata kuingia kona, pua ikawa inakwenda moja kwa moja kwenye vichaka.

Kijana wa Machakos
Langu linaendeshwa na matairi yote manne, na siirudishi.

Mama Spana
Basi kila mmoja aseme kwanza gari lake linasukumwa na matairi yapi, maana mnabishana juu ya magari mawili tofauti. Tena badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na mkiandike.

Mwanzilishi, Nakuru
Fundi, mdogo wako alirudi kuendesha?

Fundi wa Arusha
Alirudi, na shokapu nimezilegeza upande ule wa kurudi. Hata hivyo haingii garini kabla hajalikandamiza buti kwa mikono miwili na kutazama jinsi nyuma inavyoinuka, nami husimama kando nikingoja aseme.