Mjadala: Wanamuziki wa Amu wafungue lebo yao, au watafute msambazaji?

Assalam aleikum jamaa. Juzi pale Mkunguni vijana wa taarabu walikuwa wakibishana: wachange wafungue lebo, yaani kampuni yao ya kutoa nyimbo, au nyimbo ziende kwa msambazaji Mombasa? Mimi niko na wanaotaka kuchanga, ila mfano wao ulinikera. "Mbona Beatles, lile kundi la Uingereza, walikuwa na lebo yao, Apple?"

Haya. Marehemu baba alikuwa baharia, akarudi na Hey Jude, wimbo wao Beatles, kutoka Uingereza, santuri ya Agosti 1968. Upande mmoja tufaha zima la kijani, nembo ya Apple, ukigeuza, tufaha lililokatwa. Sasa soma namba: R 5722. Hiyo ni namba ya mfululizo wa Parlophone, lebo ya EMI, kampuni kubwa ya santuri ya Uingereza! Namba ya Apple yenyewe, APPLE 2, alipewa Mary Hopkin, binti wa Wales waliyemsajili. Marekani nako Hey Jude ilifuata namba za Capitol, kampuni ya EMI ya huko, 2276. Tangu Januari 1967 Beatles walikuwa wamejifunga kwa EMI miaka 9. Tufaha lao, lakini masta, yaani rekodi ya asili ya wimbo, ya EMI. Kundi likavunjika 1970, mkataba ukaisha 1976, lebo ikalala. Duka lao la nguo Baker Street ndilo usiseme: miezi minane halikutimiza, bidhaa zikagawiwa bure.

Kwa hiyo lebo sawa, lakini masta iwe ya nani?

*Wa Langoni:* Wewe wawavunja moyo watoto wa watu. Huyo Mary Hopkin si ndiye aliyeing'oa Hey Jude namba moja Uingereza? Na James Taylor, albamu yake ya kwanza ilitoka Apple, 1968, wakati huo hajulikani na mtu. Msambazaji gani wa Mombasa atamchukua kijana asiyejulikana kutoka Amu?

*Mwenye mada:* Hapo umenipata. Lakini James Taylor aliondoka upesi, na jina akalipatia kwingine.

*Wa Shela:* Mwendako London mbali. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay 1928 kurekodi, na kampuni ndiyo iliyomiliki santuri. Mimi mwenyewe nilirekodi nyimbo sita studio moja ya mjini, jina silitaji. Nilipodai mafaili nikaambiwa kompyuta imekufa. Miezi miwili baadaye nikausikia wimbo wangu kwenye boti ya Mokowe, kwenye simu ya nahodha! Karatasi sina, hata risiti.

*Wa Langoni:* Pole bwana. Ndiyo maana nasema tuwe na yetu.

*Wa Shela:* Yenu nyote kumi na wawili? Mpiga udi akihamia Mombasa, ataondoka na masta gani?

*Mwenye mada:* Hilo ndilo lililonyamazisha watu Mkunguni. Mimi nasema masta ibaki kwa kundi, anayehama alipwe fungu lake kila wimbo unapouzwa. Mpiga udi wetu hataki kusikia. Karibuni.