Kujitolea kwenye uchimbaji wa mji wa kale: vigae huoshwa na kuandikwa vipi?

BintiKisauni
Salaam aleikum jamani. Nimepata nafasi ya kujitolea wiki tatu kwenye uchimbaji wa magofu huku pwani, na nimepangiwa upande wa vigae, yaani vipande vya vyungu na vyombo vilivyovunjika. Huoshwa kwa sabuni? Vyote, au baadhi? Na mgeni wa kazi hii huharibu wapi zaidi?

FundiVigae
Aleikum salaam dada. Sabuni usiguse. Beseni la maji na mswaki wa meno ulio laini vinatosha. Osha mfuko mmoja mmoja. Usifungue wa pili kabla ya wa kwanza kwisha, na lebo yake iandamane na vigae hadi kwenye wavu wa kukaushia. Wageni wengi huharibu hapo. Kigae kilichopotezana na lebo, kiwe kizuri vipi, hakituambii tena kilitoka shimo gani na tabaka lipi.

Usiviloweke. Vyungu vya kienyeji viliokwa kwa moto mdogo, vikikaa majini kingo zinamomonyoka. Chovya, sugua, toa. Tia bidii pale kilipovunjika, maana hapo ndipo huonekana udongo wenyewe, mchanga na chembe za makombe zilizochanganywa. Usoni pita taratibu. Maji yakiwa tope yamwage kupitia chujio, kwani shanga ndogo hujificha humo.

Chenye masizi au ukoko wa chakula ndani usikioshe, huenda maabara wakauhitaji. Kinachobanduka rangi au kumeguka mkononi kiweke kando na umwite msimamizi.

Mzee_Mtwapa
Mwanangu, angalia na maji yenyewe. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi. Kigae kilichooshwa kwa maji hayo kikikauka, chumvi hutoka juu kama unga mweupe, na kwenye vyombo vya kung'aa hubandua ule mng'ao. Ikiwa hakuna budi, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu.

Halafu chokaa. Nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo vigae vingi hutoka na ganda gumu. Atakayekushauri siki au ndimu usimsikilize: asidi inakula ganda, kisha inakula makombe yaliyomo ndani ya udongo. Tumia kijiti cha mwanzi, na lisipotoka liache.

Kausha kivulini siku mbili, masika zaidi. Kiguse kwa shavu: kikiwa baridi, bado kina maji. Ukikifunga hivyo mfuko hutoa jasho, ukungu unaingia na lebo inaoza. Toboa mfuko kwa sindano, na lebo uandike kwa penseli, kwani wino wa biki hutiririka.

BintiKisauni
Ahsanteni sana. Na namba huandikwa juu ya kigae chenyewe?

FundiVigae
Ndiyo, kikishakauka kabisa. Tenga midomo, vitako, vishikio na vyenye mapambo; hivi ndivyo huandikwa kimoja kimoja. Vya tumbo visivyo na pambo huhesabiwa na kupimwa uzito kwa mafungu, kwa gramu.

Yeyusha Paraloid B-72 (plastiki angavu itumiwayo na makumbusho kama vanishi) kwenye asetoni, gramu 15 hadi 20 kwa mililita 100, mbali na moto na madirisha yakiwa wazi. Paka utando mwembamba, ukikauka andika kwa wino mweusi na kalamu nyembamba, kisha funika kwa utando wa pili. Bila ule wa kwanza kigae hufyonza wino na haufutiki tena. Andika upande wa ndani. Pale kilipovunjika usiandike, ndipo gundi itakapopita siku ya kuunganisha.

Mzee_Mtwapa
Kabla hujaanza, nenda Fort Jesus ukatazame vyombo kwenye kabati, jicho lizoee. Kijani kizito kinachong'aa cha Longquan, China, mara nyingi ni cha karne ya 13 hadi 15. Njano yenye michoro myeusi ilitoka Yemen, nayo huangukia zaidi karne ya 14. Chungu cha kienyeji chenye pembetatu zilizochanjwa shingoni ni cha kale zaidi, karne ya 7 hadi ya 10.

Lakini sehemu kubwa ya utakachoosha ni vyungu vya kienyeji visivyo na pambo. Vipe mswaki uleule na lebo ileile unayokipa cha Kichina. Ndivyo watu walivyopikia kila siku.