Anakataa kijiko, anataka kula kwa mkono wake. Nimwache?

Mama wa Kwanza, Bukavu
Wamama na wababa, hamjambo? Naomba ushauri. Mwanangu ana miezi sita na wiki mbili, na mpaka sita ilipotimia alinyonya tu. Sasa nimempikia uji wa mahindi, soya na mtama. Nikileta kijiko anafunga mdomo na kugeuza shingo, lakini tukikaa kula anairukia sahani yangu. Juzi nilimpa kipande cha avoka. Kilimteleza mara tatu; ya nne akakibana kwa ngumi zote mbili, akakifikisha mdomoni na kukitafuna kwa fizi, macho yamemtoka kwa furaha.

Shida ni jana. Ndizi ilimkwama, akakohoa, machozi yakamtoka, akasukuma ulimi na ndizi ikadondoka. Mama mkwe alimnyakua, akasema nataka kumuulia mjukuu wake. Tangu hapo anataka apewe uji tu. Namheshimu, amelea watoto saba. Nifanyeje?

Mama Mapacha, Goma
Pole dada. Kwangu mmoja alipenda kijiko, mwenzake mkono, na wametoka tumbo moja! Ndizi usiimenye yote, acha ganda nusu ya chini liwe mpini wake. Kiazi kitamu na boga chemsha mpaka vipondeke ukivibonyeza kwa vidole viwili. Kata virefu kama kidole chako: umri huu anashika kwa kiganja kizima, kwa hiyo anakula kile kinachochomoza nje ya ngumi. Vipande vidogo vingoje miezi minane au tisa, akianza kuokota kwa ncha za vidole. Na avoka ipake unga wa soya uliokaangwa, haitateleza tena.

Muuguzi, Kadutu
Mama, alichofanya jana ni kujilinda. Mtoto anayekohoa na kulia anapumua. Mwache akitoe mwenyewe. Usimtie kidole mdomoni bila kukiona kipande, utakisukuma ndani. Hatari ni ukimya: hatoi sauti, hawezi kulia, midomo na fizi zinageuka rangi. Hapo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige mara tano katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano, urudie huku wengine wakitafuta msaada. Jifunzeni hili na mama mkwe pamoja, kwa sababu ndiye anayebaki naye ukienda sokoni.

Akae wima, kichwa kimekaza, na asile peke yake hata dakika moja. Karanga nzima, mahindi ya kuchoma na karoti mbichi, hapana. Asali, hapana kabisa mpaka afikishe mwaka. Chumvi na sukari hahitaji.

Ninachokiogopa zaidi ni damu kupungua. Akifika miezi sita, madini ya chuma ya kwenye maziwa hayamtoshi, na ndizi na avoka hazizibi pengo hilo. Mpe yai lililoiva vizuri, maini laini, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) waliotwangwa. Endelea kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Na kwa kuwa mkono wake ndio kijiko, unawe kwa sabuni na maji safi kila mara. Kipindupindu huku Kivu tunakijua.

Baba wa Watatu, Lubumbashi
Kwa nini uji na mkono vigombane? Sisi tulipika uji mzito, tukajaza kijiko, tukampa mtoto akishike mwenyewe. Nusu ilienda shingoni, nusu tumboni, na koko (bibi) yake akatulia kwa sababu aliona uji unaliwa. Mpeleke apimwe kilo kila mwezi. Karatasi ile itamaliza ubishi kuliko maneno yetu.

Mama wa Kwanza, Bukavu
Asanteni sana. Leo mama mkwe amekubali kumpakata huku mimi nikimpa boga. Alikohoa mara moja. Tulimtazama wote wawili, hakuna aliyemgusa, akaendelea kula. Muuguzi, sombe (majani ya muhogo) je?

Muuguzi, Kadutu
Ndiyo, itwangwe laini na ichemshwe muda mrefu, maana ikiwa mbichi ina sumu. Mtolee yake kabla ya chumvi na pilipili. Bugali wa muhogo usimpe tonge: unanata, na unashibisha bila kujenga mwili. Anza na wa mahindi, laini, mdogo, uliochovywa kwenye sombe yenye sambaza.