Klabu yetu ya kujitolea hukauka kila msimu wa kilimo. Tuifunge hadi mavuno au tukomae?

Katibu Mkulima (mwanzisha mada)

Habari zenu wadau. Mimi ni katibu wa klabu ya huduma kwenye mji mdogo wa wakulima, na mwenyewe ni mkulima, kwa hiyo ninaowalalamikia hapa ni pamoja na mimi. Kwenye daftari tuko kumi na tisa. Mvua ikishika tunabaki wanne: mimi, mwekahazina, mwalimu mstaafu na fundi cherehani mmoja ambaye hajawahi kukosa kikao. Akidi haitimii, hakuna kinachopitishwa, tunasalimiana na kurudi makwetu.

Kikao kilichopita mwenyekiti alileta hoja kwamba tufunge klabu tangu kupanda hadi kuvuna, halafu shughuli zote tuzifanye kwa mkupuo wakati watu wana nafasi. Wengi wameipenda. Mimi roho yangu imekataa, na sababu ni mzee mmoja.

Ilikuwa katikati ya palizi, siku ya gulio. Sisi wanne tuliweka meza ya kupima macho. Tulipima mita sita kwa kamba kutoka kwenye kiti hadi ukutani, tukabandika bango la herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Lile bango nalipenda kwa sababu halimuaibishi asiyejua kusoma: anaonyesha tu kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Mzee akakaa, akamaliza mistari yote hadi ule mdogo wa chini. Nikampa kadi ya kusoma karibu. Akaisogeza mbele, akaisogeza tena, mkono ukanyooka ukaisha, kisha akanirudishia bila neno.

Alikuwa na mfuko, na ndani yake chupa mpya ya dawa ya wadudu. Nikamuuliza dawa huwa anapimaje. Akasema, "Kwa kifuniko, binti yangu. Viwili kwa kila bomba." Na maandishi ya kwenye chupa? "Hayo sijayasoma miaka mingi. Naangalia mstari wa rangi." Rangi kweli alizijua vizuri, kwamba nyekundu ndiyo kali kuliko zote, ikifuatiwa na ya manjano, kisha buluu, kisha kijani. Lakini ule mstari unasema sumu ina ukali gani kwa binadamu, hausemi uweke kiasi gani.

Tulijaribu miwani ya kusomea, ya tatu ikamkaa. Akaitoa chupa, akaweka kidole chini ya maandishi na kuanza kusoma kwa sauti ndogo, neno kwa neno, hadi kwenye kipimo. Hapo akanyamaza. Akarudia. Kisha akasema, "Kumbe kimoja." Alikuwa akinyunyiza dozi mara mbili, bila kinga yoyote usoni, na mwanawe akimsaidia.

Tungekuwa tumefunga, yule mzee angeendelea na vifuniko viwili hadi mavuno. Dawa hunyunyizwa msimu wa kilimo, siyo baada yake. Hilo ndilo nimeshindwa kulieleza vizuri kikaoni, kwa sababu nikianza kulisema sauti inanikwama.

Maswali yangu ni mawili. Nyinyi mlioko kwenye klabu za vijijini mnaishije na msimu? Na la pili, wenzetu wawili wanasema watakuja kusaidia iwapo nauli na chakula cha mchana vitatoka kwenye sanduku la michango tunalopitisha gulioni. Nilikataa, ila sikuwa na kanuni ya kuwaonyesha. Nimekosea?

Mwekahazina Mstaafu

Dada katibu, hujakosea hata kidogo. Mimi niko Lions, shirika la kimataifa la klabu za huduma, miaka mingi na nimeshika hazina vipindi vitatu. Kwetu kanuni iko wazi: kila shilingi, dola au sarafu yoyote iliyotoka kwa umma inarudi yote kwa umma. Ya uendeshaji, yaani vikao, karatasi, chakula cha wanachama, inatoka kwenye ada zetu wenyewe. Ndiyo maana tuna akaunti mbili, na hela haivuki kutoka ya huduma kwenda ya uendeshaji.

Hata kama klabu yenu haiko chini ya shirika lolote kubwa, andikeni kanuni hiyo kwenye katiba yenu wiki hii. Msingoje mgogoro. Sanduku lifunguliwe mbele ya watu wawili, lihesabiwe palepale, wote wawili watie sahihi. Katika mji mdogo kila mtu anajua nani kala wapi. Mkinunua chakula kwa hela ya sanduku mara moja tu, msimu ujao sanduku litarudi jepesi.

Kama wenzenu hawana nauli kweli, na hilo lipo, tusiwadharau, basi pandisheni ada kidogo au wenye nafasi wawachangie kutoka mifukoni mwao.

Na kuhusu meza ya macho: Lions ilianza mwaka 1917 kule Chicago, Marekani, na Melvin Jones aliyeianzisha alikuwa mfanyabiashara wa bima. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi Mmarekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, alisimama kwenye mkutano wao mkuu Ohio akawaomba wawe mashujaa wa vipofu. Tangu hapo macho yamekuwa kazi yetu ya kwanza. Ulichomfanyia yule mzee ndicho Helen Keller alichokiomba.

Kijana wa Trekta

Mimi naunga mkono kufunga, samahani dada. Nalima tangu alfajiri, nikirudi usiku hata kuongea siwezi. Katibu wetu alikuwa akituma ujumbe kila wiki, "mbona hamkuja", mpaka watu watano wakajitoa. Tulipokubaliana kwamba msimu ni likizo, wawili wakarudi. Mtu akijiona mkosaji kila siku anaikimbia klabu.

Nesi wa Zahanati

Naomba niseme machache kama mtu wa afya.

Hoja ya mwenyekiti ya kufanya kila kitu kwa mkupuo haifai kwa baadhi ya huduma. Chukueni uchangiaji damu. Chupa ya damu nzima hukaa kwenye jokofu kama siku 35 tu, baada ya hapo haitumiki tena. Mkichangia watu mia wakati wa mavuno, mama atakayetokwa na damu nyingi akijifungua kipindi cha palizi hatapata hata tone la damu hiyo. Na mwanaume aliyechangia leo husubiri kama miezi mitatu, mwanamke minne. Kwa hiyo bora makundi madogo yanayopokezana kuliko siku moja kubwa yenye mabango na picha.

Kuhusu macho, mmefanya vizuri, ila muwe waangalifu. Miwani ya kusomea inamfaa mtu wa miaka arobaini na kuendelea ambaye mbali anaona na karibu hapaoni, kama mzee wako. Lakini anayeona ukungu mbali na karibu huenda ana mtoto wa jicho, na hapo dawa ni upasuaji, siyo miwani. Jicho jekundu linalouma, au uoni uliopotea ghafla, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, msimwambie arudi gulio lijalo. Na miwani iliyotumika mnayopewa na watu isigawiwe kwa kubahatisha. Kila jozi lazima ipimwe nguvu ya lenzi kwa mashine na kuandikwa kabla ya kumfikia mtu.

Halafu muulize mzee wako chupa tupu anazipeleka wapi. Kwetu nimeona watu wakichotea maji ya kunywa. Chupa ya dawa ikiisha isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamwagwe ndani ya bomba la kunyunyizia pamoja na dawa, kisha itobolewe isitumike tena. Hiyo nayo ni kazi ya klabu, na haifanyiki msimu mwingine wowote.

Katibu Mkulima (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana. Nimesoma kila mstari, vingine nimemsomea fundi cherehani kwa simu.

Kijana wa Trekta, maneno yako yamenichoma kwa sababu kwenye klabu yetu mimi ndiye ninayetuma ujumbe kama ule wa "mbona hamkuja". Nimeacha tangu jana.

Nitakwenda kikaoni na pendekezo hili: vikao vya kawaida visimame msimu wote, asiyeweza kuja asiandikwe mtoro. Lakini meza ya gulio ibaki, watu wawili wawili kwa zamu, saa mbili tu, kila mmoja zamu moja msimu mzima. Kwa watu kumi na tisa hizo ni zamu tisa, na mmoja wa akiba. Uchangiaji damu tuugawe vikundi vitatu, nitaongea na zahanati kuhusu tarehe. Kanuni ya sanduku naiandika leo usiku.

Chupa nilikwenda kuziangalia kwa macho yangu. Nyumbani kwa mzee ziko sita nyuma ya banda, mbili zimewekwa mafuta ya taa. Mkewe alinipokea vizuri. Yeye ndiye hushona nguo za wajukuu, na tangu mwaka juzi, akasema, anamwita mtoto wa jirani kumtungia uzi kwenye sindano. Nimemwandika wa kwanza kwenye orodha ya gulio lijalo.

Nesi wa Zahanati

Mwambie aje na sindano yake na uzi wake. Mpimieni kwa hivyo.