Naomba ushauri: Oktoba nimpeleke mama wapi hapa Marekani akapate joto?

BintiPangani
Habari zenu wanajamvi. Naishi Minneapolis, huu mwaka wa tisa. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Pangani tangu Agosti, anarudi nyumbani katikati ya Novemba. Ana miaka 68 na baridi yabisi ya magoti.

Agosti alikuwa anatembea mwenyewe na wajukuu mpaka ziwani. Sasa Septemba inaisha, asubuhi joto linashuka hadi nyuzi 8 za Selsiasi, na namwona anavyoshika ukuta akitoka chumbani. Juzi nilimkuta amekaa sakafuni karibu na tundu linalotoa hewa ya moto, khanga mbili mabegani, anasuka ukili wa mkeka kwa miyaa aliyokuja nayo kwenye begi. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Huku shule zinafungwa Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya tatu ya Oktoba. Nikiunganisha na likizo yangu tunapata siku sita, mimi, mama na watoto wawili. Nataka joto la wastani, mvua kidogo, na pasiwe na kupanda milima. Mume wangu anasema Florida. Rafiki yangu anasema Colorado tukaone majani ya dhahabu. Mama nilipomwuliza alijibu neno moja: bahari.

Wenye uzoefu nisaidieni, nahitaji kukata tiketi wiki hii.

Mkwezi wa Denver
Dada, Colorado iondoe kabisa, nakwambia mimi ninayeishi huku. Majani hayo yanapendeza zaidi wiki ya mwisho ya Septemba na siku za mwanzo za Oktoba. Ukija wiki ya tatu milimani utakuta matawi matupu. Halafu Denver theluji ya kwanza kwa wastani huanguka Oktoba 18, yaani wiki yenu hiyo hiyo. Mchana unaweza kuvaa fulana, jua likizama unatafuta koti. Magoti ya mama hayatauona huo mchana, yatausikia usiku.

Ukipanga safari usiangalie joto la mchana peke yake. Angalia la usiku, na mwinuko wa mahali.

Kijana wa Kisauni
Salaam dadangu. Niko Tampa. Florida Oktoba joto lipo la kutosha na maji ya bahari ni ya uvuguvugu kama ya kwetu Mombasa. Tatizo ni vimbunga. Msimu wake ni Juni 1 hadi Novemba 30, na Oktoba vingi huchipuka Karibi na kupanda kuja upande huu wa magharibi. Kimbunga Michael kilitua Oktoba 10, 2018. Kimbunga Milton kilitua Siesta Key usiku wa Oktoba 9, 2024, wiki mbili tu baada ya kimbunga Helene. Tulikimbia kuelekea Georgia, muda wa saa kumi na moja barabarani, mtoto mchanga mapajani, vituo vya mafuta vimekauka. Sisemi kitatokea tena mwaka huu. Ila mzazi mwenye magoti mabovu nisingempitisha kwenye hali ile.

Ami wa San Diego
Shikamoo zangu zimfikie mama. Mleteni San Diego. Oktoba mchana ni kama nyuzi 23, usiku 16, na mvua ni nadra. Ule ukungu wa pwani wa Mei na Juni unakuwa umeshaondoka. Balboa Park njia nyingi ni tambarare, na La Jolla watoto wataona sili, wale wanyama wa baharini, wamelala kwenye miamba. Ufukwe wa Coronado kuna viti vya magurudumu vya kupitia mchangani, bila malipo.

Mawili niwe mkweli. Maji ni baridi, kwa sababu mkondo wa bahari unashuka kutoka kaskazini. Mama atayatazama zaidi ya kuyaingia. Na upepo wa Santa Ana ukivuma kutoka jangwani, hewa inakauka na moto unasambaa haraka. Mioto mikubwa ya 2003 na 2007 yote ilikuwa Oktoba. Na popote mtakapokwenda, pasipoti ya mama iwe mkobani, siyo nyumbani.

Mama Wawili
Nimesoma neno ukili nikaona lazima nijibu. Nipo North Charleston, South Carolina. Ukivuka daraja kwenda Mount Pleasant, kando ya barabara namba 17 kuna vibanda vya mbao, na ndani wamekaa kina mama wa Kigullah wanatengeneza vikapu. Ni wajukuu wa watu walioletwa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati kulima mpunga. Hawasuki kama sisi, wanashona: fungu la nyasi linazungushwa duara juu ya duara, linafungwa kwa ukuti mwembamba. Sindano yao ni mpini wa kijiko uliochongwa ncha. Mama mkwe wangu alikaa na mmoja wao saa nzima, lugha hawaelewani, mikono inaelewana.

Joto la Oktoba ni nyuzi 24 au 25 mchana, usiku 14 hivi, sweta moja linatosha. Bahari bado ina uvuguvugu, Isle of Palms hapako mbali. Kimbunga kinawezekana, Matthew alitufikia Oktoba 8, 2016, ila kadiri mwezi unavyosogea hatari inapungua. Kingine ni bamvua: vuli maji hupanda mpaka barabara za katikati ya mji, siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga. Mama ni mtu wa Pangani, hilo hahitaji kuelezwa. Hoteli chukueni nje ya katikati ya mji.

BintiPangani
Asanteni sana, nyote. Nilimwonyesha mama picha ya kikapu. Alisogeza simu karibu na uso, akahesabu mizunguko kwa kidole, akauliza, "Sindano yao ni ipi?" Nikamsomea habari ya kijiko. Akaenda jikoni, akarudi na kijiko, akawa anakigeuzageuza.

Tunakwenda Charleston, Jumatano jioni hadi Jumatatu. Swali la mwisho: kimbunga kikitokea, hela ya hoteli inarudi?

Mkwezi wa Denver
Chagua chumba unachoweza kukifuta bila kukatwa. Bima ya safari inunue leo, maana kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua baada ya hapo haitakilipia.

Mama Wawili
Nimekutumia namba yangu faragha. Jumamosi nitawapeleka mwenyewe kwenye vibanda, twende asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwambie mama aje na miyaa yake.